Maswali ya wasomaji: Ninaimba "Amefufuka" bila uhakika. Je, ninadanganya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu, na kamwene. Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mafinga. Nafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, na katika kwaya ya usharika wetu naimba sauti ya nne. Mama yangu alifariki Agosti mwaka jana, tukamzika kijijini. Mchungaji alihubiri kwamba tutaonana naye siku ya ufufuo. Dada zangu walifarijika, niliwaona. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nikasikia udongo unavyogonga jeneza, na moyoni likaja neno moja tu: huyu harudi.

Tangu siku hiyo kila tukiimba kwamba Yesu amefufuka, koo linanikaba. Sijaacha kanisa, Biblia nasoma. Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa, akasema imani ni uamuzi, niamue tu kuamini, kisha akanisomea Yakobo kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Nimejaribu. Nalala nimeamua, naamka shaka iko palepale. Rafiki yangu wa kazini, ambaye hasali popote, ananiambia niamue upande wa pili, niwe mkweli, niachane nayo. Sasa mwalimu wa kwaya amenipanga nianzishe wimbo peke yangu alfajiri ya Pasaka. Je, mtu anaweza kuchagua kuamini? Na nikisimama kuimba hivi nilivyo, ninadanganya?
Besi, Mafinga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mama. Nianze na hapo kaburini, kwa sababu naona mambo mawili yamefungwa kamba moja na yanakuumiza yakiwa pamoja.

Neno lililokujia ukiwa na koleo mkononi halikuwa kukana imani. Hakuna hata mmoja aliyesimama pale, mchungaji akiwemo, aliyetegemea mama arudi nyumbani jioni ile. Fungua Yohana sura ya 11. Martha anamwambia Yesu kwamba anajua ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Ni ungamo safi, lingemfurahisha mwinjilisti yeyote. Mistari michache mbele, Yesu anaposema waliondoe jiwe, Martha huyohuyo anamwambia kwamba maiti ananuka, amekaa siku nne. Kinywa ni kimoja, na mambo yote mawili aliyasema kwa moyo wake wote. Na Yesu, aliyejua anakwenda kumtoa Lazaro, alilia. Kwa hiyo usijipime kwa nyuso za dada zako. Wewe ulikuwa unafukia, wao walikuwa wanasikiliza mahubiri. Huzuni haimkuti kila mtu pale alipo mwenzake.

Sasa swali lenyewe. Namna mzee wako alivyolieleza, hapana, mtu hawezi kuchagua kuamini. Huwezi kujiamuru usingizi. Unachoweza ni kuzima taa, kujinyoosha, na kuacha kubishana na watu kichwani, halafu usingizi utakuja kwa wakati wake. Ulijaribu kuamua ukalala, ukaamka na shaka yako. Hiyo si dalili kwamba una moyo mgumu. Ni dalili kwamba ulipewa kazi ambayo nia peke yake haiiwezi.

Mfaransa mmoja wa karne ya 17, Blaise Pascal, bingwa wa hesabu na Mkristo wa dhati, alilijua tatizo hili. Aliwaza juu ya mtu aliyetaka kuamini akashindwa. Shauri lake lilikuwa kwamba mtu huyo aishi kama waishivyo waaminio, aende ibadani, atende wanayotenda, na mengine yatafuata. Wengi wamemshambulia kwa shauri hilo, wakasema anafundisha unafiki. Mimi namkubali nusu. Ni kweli kwamba mahali unaposimama na watu unaokaa nao vina nguvu juu ya kile unachoweza kukiona. Lakini mazoea bila kuuliza yanaweza kumtia mtu ganzi tu, na sitaki ufe ganzi. Nataka uchunguze.

Na ukichunguza, utakuta jambo ambalo nilipokuwa nafundisha Maarifa ya Biblia kidato cha nne huku Rungwe liliwashangaza wanafunzi kila mwaka. Habari za Pasaka zimejaa watu wasioamini, na hao ni marafiki wa Yesu. Luka anasema wanawake walipoleta habari kutoka kaburini, mitume waliyaona maneno yao kuwa upuzi. Tomaso alisema wazi hatasadiki mpaka atie kidole kwenye kovu. Watu humkumbuka kwa shaka yake tu, mimi hukumbuka zile siku nane. Wenzake walikuwa wamekwisha kumwona Bwana, yeye bado, na siku nane baadaye bado yumo ndani ya nyumba pamoja nao. Hakuna aliyemfukuza, naye hakuwakimbia. Na Mathayo, katika mstari wa 17 wa sura yake ya mwisho, kule mlimani Galilaya, ameandika hivi: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Hawa ni wale kumi na mmoja! Kinachofuata ni agizo la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi. Yesu hakuwatenga kwanza waliosadiki na walioona shaka. Aliwatuma wote.

Marko ni mkali zaidi. Katika hati mbili kongwe za Kigiriki zenye Agano Jipya, za karne ya nne, ile ya Vatikani na ile ya Sinai, Injili yake inaishia 16:8: wanawake wanakimbia kaburini wakitetemeka, na hawamwambii mtu kitu kwa kuwa waliogopa. Mistari inayofuata katika Biblia yako imo katika hati nyingi za baadaye. Mtu anayetunga hadithi ili kuvuta wafuasi haimalizi kwa hofu na kimya. Ndivyo ninavyoona mimi.

Utaniuliza, basi wewe Mwalimu unashika nini? Nakujibu bila kuficha, kwa sababu naliamini jambo hili na nalipenda.

Nashika kwanza Wakorintho wa Kwanza sura ya 15. Paulo aliandika barua ile kwenye miaka ya 50, miaka ishirini na kidogo baada ya msalaba. Ni karibu kuliko watu wanavyodhani. Wewe una miaka 31, kwa hiyo matukio ya utotoni mwako yako mbali nawe kuliko Pasaka ya kwanza ilivyokuwa mbali na barua ile. Anasema anawapa kile alichokipokea yeye mwenyewe, kisha anataja mashahidi: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye. Anaongeza kwamba wengi wa wale mia tano wangali hai. Huko ni kumwambia msomaji kwamba, akitaka, akaulize. Na katika Wagalatia anaeleza kwamba miaka mitatu baada ya kugeuka kwake alipanda Yerusalemu akakaa na Kefa siku 15, akamwona pia Yakobo ndugu yake Bwana. Siku 15 ni nyingi. Sidhani walizimaliza kwa kuongea habari za mvua.

Huyo Yakobo ndiye hunikamata kuliko wote. Injili hazifichi kwamba ndugu zake Yesu hawakumwamini alipokuwa anahubiri. Yohana 7 inasema hivyo kwa maneno machache, na Marko 3 inaeleza jinsi jamaa zake walivyotoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Baadaye Yakobo ndiye kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ileile, ameandika kwamba aliuawa kwa kupigwa mawe. Hiyo ilikuwa mwaka 62. Mtu aliyekulia nyumba moja na ndugu yake, akamwona hana akili, akaona ameuawa kifo cha aibu, anakujaje kufa kwa ajili yake? Paulo naye hakuwa mfiwa aliyemtamani marehemu. Alikuwa adui. Ukiniambia kwamba wenye huzuni huwaona wapendwa wao, nitakubali, hutokea, wajane wengi wameniambia. Lakini maelezo hayo hayamfikii Paulo.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa, na rafiki yako wa kazini si mtu wa kudharauliwa. Injili nne hazipatani katika kila kitu. Mmoja anataja malaika mmoja, mwingine wawili. Mathayo anawapeleka wanafunzi Galilaya, Luka anawabakiza Yerusalemu. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alitoa hoja mwaka 1748 ambayo mpaka leo haijafa: ukisikia habari ya mwujiza, jiulize lipi ni jepesi zaidi kutokea, mwujiza wenyewe au shahidi kukosea? Na kwa kuwa tumeona watu wengi wakikosea wala hatujaona wafu wakitoka makaburini, siku zote utaona shahidi amekosea. Nimeitafakari hoja hiyo miaka mingi. Ina nguvu kubwa kwa mtu ambaye amekwisha kukubali kwamba hakuna Mungu anayeweza kutenda jambo jipya. Kwa mtu aliyeacha mlango huo wazi hata kwa upana wa kidole, haitoshi kufunga kesi.

Hapa ndipo ninapoona uchaguzi wako ulipo, Besi. Haupo kwenye kujikaza useme "nimeamini". Upo kwenye mlango huo, uufunge kabla hujawasikia mashahidi au uuache wazi ukiwasikiliza mpaka mwisho. Hilo liko mikononi mwako. Na rafiki yako naye yuko katika uchaguzi huohuo. Anakuambia uwe mkweli kana kwamba anayekataa hana la kueleza. Analo. Akisema mwili uliibwa, aeleze waliouiba walivyokubali kuteswa kwa kitu walichojua ni uongo. Akisema yalikuwa maono, aeleze Paulo na Yakobo. Pengine atakuwa na maelezo. Msikilize kwa heshima, nawe umwambie yako, wakati wa chai, mashine zikiwa zimezimwa.

Jambo moja la kwetu nyanda za juu lisisahaulike. Wamishenari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 hawakukuta watu wanaodhani kifo ndiyo mwisho. Wazee walijua marehemu wapo, chini, karibu, wanasikia na wanakasirika, ndiyo maana walitambikiwa. Kwa hiyo kuendelea kuwapo baada ya kufa hakukuwa habari ngeni kabisa. Kigeni kilikuwa kwamba mtu mmoja ametoka kaburini na mwili wake, akala samaki wa kuokwa, akaonyesha makovu, na hahitaji kutulizwa kwa pombe wala kuku. Hata Athene, mji wa wasomi, Paulo alisikilizwa vizuri mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, wengine wakadhihaki. Ndiyo maana sipendi mtu aseme shaka hii imeletwa na shule au simu. Ni ya zamani kama habari yenyewe, kwa sababu habari yenyewe ni nzito. Asiyewahi kupepesuka mbele yake, nina wasiwasi kama ameisikia.

Kuhusu mzee wako, usimkasirikie, alitaka kusaidia. Ila ule mstari wa Yakobo unamhusu mtu anayemwomba Mungu hekima huku nia yake imegawanyika, hajui kama anaitaka. Wewe unaitaka, ndiyo maana umeniandikia. Na Biblia hiyohiyo, katika waraka mfupi wa Yuda, inaagiza wenye shaka wahurumiwe. Ningefurahi sana mstari huo ukisomwa kwenye vikao vya wazee wa kanisa kila mwaka, kwa sababu nimeona vijana wengi wakitoka kimyakimya kupitia mlango wa nyuma baada ya kukemewa kwa kuuliza.

Sasa Pasaka. Uimbe.

Kudanganya ni kusema jambo kwa nia ya kumpoteza mwenzako. Wewe hutaki kumpoteza mtu. Huku kwetu Wamoravian tunakwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa usharika walipokwenda makaburini kungali giza wakaimba mpaka jua likachomoza. Aprili Tukuyu ni mvua na ukungu, unakanyaga tope na hulioni kaburi mpaka ulifikie. Watu wanakuja hivyohivyo, na liturujia inawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Nikiwatazama wale wanaoimba pale nawajua wengi: mjane wa mwezi mmoja, kijana aliyezika mtoto, bibi ambaye hajawahi kuuliza swali hata moja. Hawajafika na kipimo kimoja cha uhakika. Wimbo ni ungamo la kanisa lote tangu wale wanawake, na anayeuanzisha analibeba ungamo hilo kwa niaba ya wote, na wakati mwingine wote wanambeba yeye. Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na mtoto wake akaponywa.

Lakini nakuwekea mpaka. Usisimame kutoa ushuhuda wako binafsi kwamba huna shaka, hata wakikuomba, hata mwenye kipaza sauti akikusukumia. Hapo utakuwa unasema kisicho kweli juu yako. Na kabla ya Juma Kuu mtafute mwalimu wa kwaya, mwambie hali yako kwa sentensi mbili tatu. Akiona ni vema mwingine aanzishe, rudi kwenye mstari wa besi uimbe na wenzako, wala si adhabu.

Mengine nayotaka ufanye: soma Wakorintho wa Kwanza 15 yote kwa kikao kimoja, kisha Marko 16:1–8, na uishie hapo. Nenda kwa mchungaji mwenyewe, peke yako, siku ya kazi, si baada ya ibada watu wakisubiri kumsalimia. Na nenda kijijini na dada zako kabla masika hayajaharibu njia, mkapalilie kaburi la mama. Waulize walisikia nini siku ile. Huenda mmoja wao naye alisikia udongo.

Ikiwa baada ya kuwasikiliza mashahidi hawa kwa haki, miaka ikapita, ukaona moyoni kwamba hapana, si kweli, basi sema hivyo wazi na uondoke kwenye kwaya kwa heshima. Nitahuzunika, lakini sitakuita mwovu. Ila bado hujafika huko, na barua yako inaonyesha hivyo. Mtu aliyekwisha kukataa, koo halimkabi akiimba.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Kaka yangu alizama Ziwa Nyasa akitoka kuvua, mwili haukupatikana. Katika msiba mtu mmoja alisema asiye na kaburi hana pa kufufukia. Mama yetu hajalala vizuri tangu hapo. Ni kweli?
Dada, Kyela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na aliyesema hivyo mbele ya mama aliyefiwa amefanya ubaya, hata kama hakukusudia.

Msomee mama Ufunuo 20:13, polepole: bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Baadhi ya walioandikiwa neno hilo waliishi miji ya pwani, wakijua maana ya mtumbwi kurudi mtupu. Swali la miili iliyopotea liliulizwa mapema sana kanisani, likiwemo la walioliwa na wanyama na walioungua wakawa majivu. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alilijibu kwa kirefu. Hoja yake ni kwamba aliyeumba vitu vyote pasipo kitu hashindwi kukipata kilichotawanyika. Paulo naye anasema kinachopandwa si ule mwili utakaokuwa, ni chembe tupu, na Mungu ndiye anayeipa mwili apendavyo. Hakuna mahali anaposema ni lazima chembe hiyo ipandwe kwenye kaburi lenye saruji.

Kama hamkufanya ibada ya mazishi kwa sababu hapakuwa na jeneza, mwombeni mchungaji aifanye sasa. Inaweza kufanyika ufukweni, au nyumbani kwenu kwenye migomba walipolala babu zenu. Mnaweza kuweka jiwe lenye jina lake na tarehe. Na usharika wenu ukikusanyika alfajiri ya Pasaka, ombeni jina lake lisomwe pamoja na ya wengine waliolala mwaka huu. Mwoneni mchungaji mapema, kwa sababu orodha hiyo mara nyingi hufungwa kabla ya Jumapili ya Matawi.